Mashine Ikishiba Ndiyo Inaugua

Tulimzika Fundi Simbeye pale Chapwa, Tunduma, na tangu nipate akili sijahudhuria msiba uliojaa kicheko kama ule. Machozi yalikuwepo, mjane wake alilia mpaka sauti ikamkauka, na kwaya iliimba vizuri. Lakini upande walikokaa mafundi, chini ya turubai, wale wanaume wenye vidole ambavyo sabuni ilishavikatia tamaa, kila baada ya muda kilipasuka kicheko, wakaziba midomo kwa aibu, kisha kikapasuka kingine. Walikuwa wanasimuliana habari ya mashine ya Itaka. Kijana mmoja aliyejifunza kazi kwa marehemu alikuwa anaieleza kama mtu aliyekuwepo, na mwaka ule hata mama yake alikuwa hajaolewa. Alikuwa anaiharibu. Mara injini ilikuwa ya silinda nne, mara mashine ilikuwa Mlowo, mara mwenye mashine alikuwa mwanamume. Nilikuwa na sahani yangu ya wali mkononi, nikavumilia, nikavumilia, uvumilivu ukaniishia. "Silinda tatu," nikawaambia. "Na ilikuwa Itaka, na mwenyewe alikuwa mwanamke. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naiendesha." Wakageuka wote. Mmoja akanisogezea kiti. "Mama, kumbe Enesi ndiye wewe? Mzee alikuwa anakutaja." Hilo sikulitegemea.

Nikawasimulia, lakini msibani mtu hasimulii akamaliza. Mara salamu za rambirambi, mara sadaka, mara mchungaji amesimama. Kwa hiyo naandika hapa, kwa raha zangu, bila kijana wa mtu kunikatiza.

Mwaka ule nilikuwa msichana niliyevuka ishirini kidogo, mwendesha mashine ya kusaga ya Mama Tumaini. Nilifikaje pale ni habari ndefu isiyo na utamu, tuiache. Umeme ulikuwa bado haujafika Itaka. Mashine ilikuwa ya dizeli, injini kuukuu ambayo rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki pembeni tu, na gurudumu zito ubavuni. Asubuhi, baridi ya Mbozi ikiwa bado imelala juu ya migomba, nilikuwa naipiga hendeli peke yangu, na wanaume walioleta mahindi walisimama kuniangalia kama watu wanaosubiri mbuzi apande mti. Ikiwaka, wote walikuwa wanaangalia kitu kingine. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ukuta wa injini: kitanda cha kamba, ndoo, Biblia, na kioo nilichokifuta unga kila siku kabla sijajiona. Unga ulikuwa kila mahali, kwenye nyusi, kwenye chai, ndani ya soksi. Upande wa pili lilikuwa jiko la Mama Tumaini, tulilotenganishwa nalo kwa mbao tu, kwa hiyo nilijua kila kilichopikwa na kila kilichosemwa. Tulikula ugali wa unga wetu wenyewe, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na mvua za kwanza zilipoanguka, kumbikumbi wa kukaanga. Shamba la kahawa lilianzia mlangoni, na sisi tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Mtu pekee niliyemwona akiinywa Itaka mwaka ule ni Fundi Simbeye, na alikuja na yake kwenye kikopo.

Mama Tumaini alikuwa na utaratibu mmoja uliojulikana mpaka Mlowo. Hakuna fundi aliyegusa injini yake kabla tangi halijapimwa. Tangi lilikuwa la bati, limekaa juu ukutani kwenye vyuma, na dizeli ilishuka kwa bomba mpaka kwenye injini. Kifuniko chake kilipotea zamani, mahali pake pakakaa gunzi la mahindi, kama linavyokaa kwenye madumu ya nyumba nyingi za Mbozi. Fundi akifika, anapewa maji ya kunawa, kisha Mama anapanda kigoda, anachomoa gunzi, anatumbukiza kijiti, anakitoa na kukionyesha kwa wote waliopo. Gunzi linawekwa dirishani. Kazi ikiisha anapima tena mbele ya macho yale yale, ndipo gunzi linarudi mahali pake. Wapo mafundi waliokasirika. Yeye aliwajibu bila kupandisha sauti, "Baba, sikushuku. Nakulinda. Kesho dizeli ikipungua, jina lako halitakuwa mdomoni mwangu." Na polepole mafundi wenyewe waliupenda utaratibu ule. Barabara nzima kuanzia Tunduma, fundi wa dizeli alikuwa anaitwa mnyonyaji wa mafuta ya watu kabla hata hajafungua kisanduku chake. Kwa Mama Tumaini aliingia na kutoka akiwa msafi. Walikuwa wakifika tu wanasema, "Mama, pima kwanza." Nilimheshimu sana yule mama kwa jambo lile, na bado namheshimu, pamoja na yaliyotukuta.

Yalitukuta msimu wa mahindi mapya, wakati foleni inaanzia mlangoni na kuishia kwenye mibuni. Injini ikaanza kumisi. Asiyejua lugha hiyo namwambia hivi: injini ya silinda tatu inapozunguka inahesabu, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, na anayeishi nayo hesabu hiyo anaisikia mpaka usingizini. Sasa ikawa inasema moja, mbili, inanyamaza, na tatu inakuja imechelewa, ikiwa imekuja. Moshi mweupe unatoka, mkanda unatikisika, na unga unashuka chenga. Wanawake wa Itaka hawakuwa watu wa kukubali chenga. "Enesi, hizi nimpikie mume wangu au niwamwagie kuku?" Mama Tumaini akatuma ujumbe Tunduma, kwa fundi aliyesifiwa kuliko wote, Simbeye.

Alishuka kwenye lori akiwa amevaa koti la kahawia na tai. Wenyeji wakambatiza hapo hapo, Fundi Koti, na jina hilo alikwenda nalo kaburini. Alikuwa Mnamwanga wa Chapwa mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na Kiswahili chake kilijaa maneno ya huko: mama alikuwa bamayo, hapana ilikuwa awe, na heshima aliitia kwa mukwai. Mdomo wake ulitangulia spana. Kabla hajamaliza kunawa tulishajua kwamba hakuna injini kati ya Nakonde na Mbeya ambayo hajailaza na kuiamsha. Akatundika koti lake msumarini, tangi likapimwa, akafungua filta ya dizeli, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Bamayo, mukwai, mashine yenu inakunywa uji!" Kweli, unga wa chumba kizima ulikuwa umeingia tangini ukachanganyika na dizeli, ukaziba filta. Akasafisha kila kitu, akainua macho akaliona lile gunzi. "Adui anapita pale." Tangi lilipopimwa mara ya pili hakumwachia Mama kazi ya kulifunga. Alitafuta gunzi jipya, akalivika nailoni, akalishindilia kwenye mdomo wa tangi, akalizungushia mpira wa baiskeli, akakaza. "Sasa hapo hata pumzi ya mbu haipiti," akasema. "Na msilifunge tena kienyeji. Hivi hivi kila siku." Mama akachinja kuku.

Kesho yake nilijaza tangi, tukafunga kama tulivyofundishwa, nikasaga kwa furaha. Jua halijapanda vizuri, mdundo wa tatu ukapotea tena.

Ndipo ulipoanza msimu ambao hata leo nikiukumbuka nashika kichwa. Mafundi wa Mlowo walikuja wakabadilisha nozo, zile zinazopulizia dizeli silindani. Tangi lilipimwa, injini ikaimba wakiwepo, wakaondoka, kesho ikamisi. Fundi Koti akarudi. Akanifundisha kulegeza nati za mabomba ya nozo moja moja injini ikiwa inazunguka: ukilegeza ya silinda nzima, mlio unabadilika, ukilegeza ya iliyokufa, haubadiliki. "Mgonjwa utamjua kwa kutolia," akasema. Tatizo ni kwamba yeye akiwepo hakukuwa na mgonjwa. Silinda zote zililia. Nilipoijaribu njia ile mwenyewe hakuna fundi, siku moja aliyekufa alikuwa wa kwanza, siku nyingine wa tatu. Alichukua washa, zile pete za shaba za mabomba yote, akaziingiza kwenye makaa ya Mama, akasogeza sufuria ya maharage bila kuomba ruhusa, akangoja ziive mpaka nyekundu, akazizamisha majini ili zilainike na kuziba vizuri. Maharage yalichelewa, tulikula jioni, na yeye alikula kuliko wote. Alipima vali. Alipaka sabuni kwenye maungio yote kutafuta panapovuja. Injini ikaimba kama kwaya ya Pasaka. Akavaa koti, akaenda. Kesho, moja, mbili, kimya.

Siku moja bahati ilielekea kutupenda. Alikuwa anashuka barabarani, akaisikia kwa masikio yake ikimisi. Alikimbia na koti lake mwilini, tai begani, akaingia anahema, "Msizime! Msizime!" Lakini utaratibu ni utaratibu. Mama Tumaini alishapanda kigoda, anafungua mpira, anachomoa gunzi, anaonyesha kijiti. "Pima vizuri bamayo," Fundi mwenyewe akamhimiza, huku akitafuta spana. Spana ilipopatikana injini ilikuwa inahesabu moja, mbili, tatu, safi kabisa. Akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyekwenda kuzika akamkuta marehemu anakula. Foleni ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona uso. Alivua koti taratibu, akakaa juu ya gunia la pumba, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Bamayo, sijui." Nikangoja aongeze "lakini". Hakuongeza. Nilikuwa sijawahi kumsikia mwanamume mwenye tai akilitamka neno lile peke yake, bila "lakini", bila "tatizo lenu ninyi". Na huyu ndiye aliyekuwa na majigambo kuliko wote. Tangu saa ile nilimpenda Fundi Koti kama mtu anavyompenda mjomba.

Siku hizi nina mashine yangu mwenyewe Mlowo, ya umeme, na vijana wanaonitengenezea ni wazuri, wana haraka. Kitu kikisumbua wanakitoa wanaweka kingine. Siwalaumu, mteja hangoji. Lakini nawaangalia wanapoinama juu ya mota na kuna jambo nalikosa. Fundi Koti hakuwa akitafuta kifaa cha kubadilisha. Alikuwa anataka kuelewa, na kutoelewa kulimuuma mwilini. Tangu aseme hajui, alikula kidogo, na kwa mtu wa tumbo lake hiyo ilikuwa habari.

Kupitia zile mbao za jikoni ndipo niliposikia kwamba mambo yamefika ukingoni. Ilikuwa jioni, nanawa miguu. Mama Tumaini alikuwa anazungumza naye huku anasonga ugali, nikiusikia mwiko unavyogonga sufuria. "Fundi, umejitahidi. Mungu amekuona. Lakini wateja wanabeba mahindi mpaka Mlowo, wengine wana watoto mgongoni. Kesho mchana anakuja yule bwana wa vyuma chakavu na lori lake. Nimeshamwambia achukue, injini na kinu." "Na yule binti?" Fundi akauliza. "Enesi atarudi kwao. Nitafanyaje? Nimuweke hapa afute vumbi?" Nilibaki na mguu mmoja kwenye beseni. Nilikuwa na kitu kimoja duniani nilichokijua kuliko wanaume waliokuwa wananicheka, na kitu hicho kilikuwa kinakwenda kukatwakatwa kwa moto kiwe chuma cha kupimwa kwa kilo. Nililia, sitaficha. Kisha nikavaa kandambili nikaenda jikoni, nikakaa bila kuitwa.

Kwa mila zetu binti haingilii mazungumzo ya wakubwa wakiwa mezani, na Mama alinitazama hivyo. Lakini Fundi akanisogezea bakuli la mboga, akasema, "Enesi, mimi sijui hii mashine inakaaje siku nzima nikiwa sipo. Wewe unakaa nayo. Hebu niambie, inaugua lini?" Nikamwambia jambo nililokuwa nimeliona muda mrefu na kulionea haya, maana lilionekana la kijinga. "Fundi, mashine ikishiba ndiyo inaugua. Nikijaza tangi likafurika, inamisi mapema. Likiwa limebaki nusu, inachelewa. Likiwa karibu kwisha, nasaga mpaka jioni salama." Mama akacheka kwa huzuni. "Sasa hata dizeli ni dhambi?" Fundi hakucheka. Aliacha kutafuna. Tonge lilikuwa shavuni, limetuna, na macho yake yameganda kwenye moto. Baadaye akaliteremsha, akauliza taratibu, "Na nikifika mimi, kitu cha kwanza kinachofanyika ni nini?" Tukatazamana mimi na Mama. "Unanawa," nikasema. "Halafu tunapima."

"Bamayo, kesho msinipime," akasema. " Asubuhi jazeni tangi, mfunge kama kawaida, na mimi sitakuwa fundi. Nitakuja kama mteja. Asiguse mtu tangi mpaka niseme."

Mama Tumaini aliweka mwiko chini. Hapa ndipo watu wa msibani walipokuwa hawaelewi, kwa sababu wao wanaona kupima kama jambo dogo. Halikuwa dogo. Fundi aliyeonekana karibu na tangi lisilopimwa, mbele ya foleni ya Itaka, jina lake lingefika Mlowo kabla yake na Tunduma kabla ya jua kuzama. "Fundi, unataka nisikulinde?" "Awe, bamayo, mmenilinda vya kutosha. Kesho nishukuni tu, mukwai."

Asubuhi alitokea bila koti na bila tai, amejitwika debe la mahindi aliyoyapata kwa jirani, akapanga foleni katikati ya wanawake. Kelele walizompigia sijawahi kuzisikia hata kwenye harusi. "Fundi, mkeo yuko wapi mpaka usage mwenyewe?" "Yuko Chapwa, amechoka kunisifia." Kila zamu yake ilipokaribia alimpisha mtu, akarudi nyuma, debe kichwani. Mimi nilikuwa namimina mahindi kinuni na masikio yangu yote yako kwenye injini. Moja, mbili, tatu. Tangi limejaa mpaka juu, gunzi limekazwa. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa naomba Mungu iharibike, mimi niliyekuwa naomba kila siku isiharibike. Kisha moja, mbili, kimya, na moshi mweupe ukapita mlangoni.

Mama Tumaini, kwa mazoea ya miaka, alishika kigoda na kijiti. Fundi aliweka debe chini akaruka, akasimama mbele yake akiwa ametanua mikono. "Bamayo, awe!" Foleni ikakatika, watu wakajaa mlangoni. Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma, "Mbona anamzuia asipime? Kuna kitu ameficha humo." Na nyingine, "Ndiyo wanavyofanya hawa. Kumbe mnyonyaji ni huyu." Fundi alisikia, kila mtu alisikia. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Angeweza kusogea, tangi likapimwa, akabaki msafi, na lori likaja kuchukua chuma chake. Hakusogea. Injini ilizidi kukohoa, mkanda ukaanza kuruka. "Fundi, itakufa!" nikapiga kelele. "Iache iugue, Enesi. Mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tumeyaficha vya kutosha."

Akainama, akalegeza skrubu ya filta, ile ambayo ukiilegeza dizeli inatakiwa iruke nje. Haikuruka. Aliweka kidole kilicholowa mafuta juu ya tundu, na kidole kikavutwa. Akaikaza haraka, akafuata bomba kwa kiganja, polepole, toka injini hadi ukutani, hadi juu, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Akapanda kigoda. Akaweka shavu lake kwenye tangi, akabaki hivyo. "Enesi, njoo uone." Nilimwachia mtu ndoo, nikaenda. Bati la tangi lilikuwa limebonyea kwa ndani, tumbo limeingia. Fundi akaanza kuufungua mpira wa baiskeli, mzunguko mmoja, mwingine. Gunzi likavuta pumzi ndefu, sss, na bati likatoka nje kwa kishindo, puu, kiasi kwamba wanawake waliokuwa karibu walirudi nyuma. Injini ikakohoa mara ya mwisho. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu.

Fundi akalifunga tena gunzi lile lile, vile vile, akashuka, akakunja mikono. Tukangoja wote, foleni nzima, na mahindi yanashuka kinuni. Ikamisi. Akanipa ishara nifungue mimi. Nikafungua, sss, puu, ikapona. Ndipo akawageukia watu, na nilidhani sasa majigambo yatatoka, na nilikuwa tayari kumsamehe yote. "Mama zangu," akasema, "injini inapokunywa dizeli, lazima hewa iingie tangini kujaza nafasi. Isipoingia, dizeli haishuki. Likijaa zaidi, nafasi ya hewa ni ndogo, inakwisha mapema. Binti huyu aliliona hilo kabla yangu. Gunzi la zamani lilikuwa linapitisha hewa. Kila fundi aliyekuja, tangi lilifunguliwa likaachwa wazi mpaka anaondoka, kwa hiyo hakuna fundi aliyewahi kuuona ugonjwa. Na aliyelivika gunzi nailoni akalikaza mpira, akawaambia hata pumzi ya mbu isipite, ni mimi. Mashine hii nimeiua mimi, na nimekuwa nikija hapa kula kuku wenu."

Angeweza kusema tangi lilikuwa bovu. Angeweza kusema mpira wa siku hizi haufai. Nani angejua? Badala yake alilisema kosa lake mbele ya wanawake wa Itaka, ambao hakuna siri waliyowahi kufika nayo nyumbani, na vijana wa msibani wanasema aliendelea kulisema maisha yake yote, kwa kila mwanafunzi, siku ya kwanza kabisa ya kazi, kabla hajampa spana. Yule mwanamke aliyemwita mnyonyaji alikuwa wa kwanza kucheka, akaja akampa mkono, na kicheko kikaenea mpaka kwenye mibuni. Fundi mwenyewe alicheka akishikilia mbavu. Kisha akatoboa moyo wa gunzi kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, akaufunika kwa kitambaa chepesi ili unga usipite, akalirudisha tangini. Mama Tumaini alikuwa amekaa juu ya kigoda, kijiti bado mkononi, anaitazama injini na machozi yanachora njia kwenye unga wa mashavu yake.

Tulikuwa tumesaga sana, foleni imerudi kuwa foleni, lori lilipoingia uwanjani kinyumenyume. Yule bwana wa vyuma akashuka na vijana wake, minyororo begani, akasimama mlangoni akijikinga vumbi kwa leso. Ilibidi apaze sauti kwa sababu ya mdundo. "Mama, tumefika. Tuanze kupakia?" Niliacha kumimina mahindi, maana walikuwa wamekubaliana, na Mama Tumaini alikuwa mtu wa neno lake. Alimtazama yule bwana. Alinitazama mimi, nimeshika ndoo, nyusi nyeupe. Akainuka, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Kama una mahindi," akamwambia, "panga foleni."

Yule bwana akageuka kuitazama ile foleni ndefu, akidhani kuna mtu atamweleza utani huu ni wa nini. Mwishoni kabisa, kando ya debe lake ambalo mpaka saa ile lilikuwa halijasagwa, Fundi Koti akasogea hatua moja kumpa nafasi.

"Nyuma yangu, mukwai," akasema.